Kaka Alianza na Maji, Mimi Nilianza na Bustani

Mwezi uliopita nilimnyang'anya binti yangu tableti, na nilimnyang'anya vibaya, mpaka kucha yangu ikamkwaruza mkono. Ana miaka tisa. Alikuwa amekaa mkekani, hapa kwetu Bagira, anajenga mji. Mwanzoni tulikuwa tunaongea vizuri tu, mimi namenya vitunguu, yeye anapanga nyumba. Nikamuuliza watu wake wanachota wapi maji. Akacheka. "Maman, hii haina mambo ya maji. Unaweka tu." Na nyumba ikishika moto? "Haishikake." Na pesa zikiisha? "Haziishake, maman!" Akanifafanulia, kama mwalimu na mwanafunzi mzito, kwamba michezo ya miji iko ya aina mbili: kuna ile ya kujenga unavyotaka, na kuna ile ya kuendesha, yenye kodi na mabomba na takataka, na hiyo ya pili ni ya watu wanaopenda kuteseka. Hapo ndipo nilipomrukia.

Alilia mpaka akapata kwikwi. Nilimwomba radhi, nikamrudishia kitu chake, nikamkaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kumwachia wale wakubwa. Lakini mama yangu, ambaye anaishi nasi tangu papa alipofariki, alikuwa ameketi mlangoni na aliona yote. Aliniangalia tu. Basi kaa, rafiki yangu, nikusimulie, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu na mabega yamechoka.

Tulikuwa tunaishi Kadutu, kwenye mteremko ule ambako ukitoka mlangoni bila kuangalia unajikuta juu ya bati la jirani. Usicheke, ilinitokea. Asubuhi uliamshwa na vinu, kila nyumba inatwanga sombe, majani ya muhogo, na ukiwa na sikio zuri uliweza kujua nani amegombana na mumewe kwa jinsi mchi ulivyokuwa unapiga. Mvua ikinyesha, mabati yote yalilia pamoja, na tope jekundu lilishuka na viatu vya watu. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage na kufagia uwanja. Kazi ya kaka ilikuwa maji: bidon mbili za njano, kutoka kwenye bomba la chini, mara mbili kwa siku, kwa njia ya utelezi ambayo hata mbuzi aliifikiria mara mbili. Alikuwa na miaka kumi na tano na shingo ya mtu mzima. Ukimwaga kikombe cha maji mbele yake alikuangalia kama umemtukana.

Vita vya kwanza vilipofika kwetu nilikuwa mdogo mno. Nakumbuka tu maiti barabarani na mkono wa mama machoni pangu, na vidole vyake vilivyoacha nafasi. Vita vya pili nilikuwa na akili zangu. Basoda, ndivyo tunavyowaita askari, walikuwa wamekamata mji wetu. Msituni kulikuwa na wapiganaji wengine, ambao walishuka alfajiri, wakaua basoda wawili watatu, wakarudi porini. Hasira ya basoda haikuwafuata huko. Ilibaki kwetu. Mwalimu wangu alipigwa risasi ya tumbo akitoka kununua chaki, akalala njiani tangu saa nne mpaka jioni, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa. Sisi watoto tulipita pembeni yake tukirudi nyumbani. Alikuwa bado anapumua. Nakuambia bila kupamba: tulipita. Jirani yetu, fundi cherehani, walimvunja mikono yote miwili kwa vitako vya bunduki, ati ameshona sare za watu wa msituni. Cherehani yenyewe walienda nayo.

Mtoto huzoea, na hilo ndilo baya kuliko yote. Tulijua kwa sauti risasi iliyo mbali na risasi iliyo karibu, na ile ya mbali haikutuinua kwenye sahani. Mama alikuwa akisema, "Kula, ile bado iko kule," na sisi tunakula ugali wetu na maharage.

Katika siku hizo ndipo papa alipoleta mashine. Alikuwa karani wa shirika dogo lililochimba visima vijijini. Ofisi yao iliporwa mara mbili, na mkubwa wao akaamua kugawa vilivyobaki kwa wafanyakazi wavifiche majumbani. Wengine walipewa mafaili, mmoja alipewa pikipiki iliyofunguliwa vipande vipande. Papa alipewa kompyuta. Aliipandisha Kadutu ndani ya magunia ya mihogo mikavu, safari mbili, mchana kweupe, akipumzika kila kona na kumlalamikia kila askari aliyekutana naye jinsi mihogo ya mwaka ule ilivyokuwa mizito. Papa wangu! Mtu ambaye hata kanisani alikuwa anaimba kwa kunong'ona. Unga uliingia katika kila tundu la ile mashine. Mpaka leo nikinusa muhogo uliovundikwa, kitu cha kwanza kunijia ni kompyuta, si ugali.

Iliwekwa chumbani kwetu watoto, nyuma ya kitanda, chini ya kitenge cha mama. Ilikuwa siri ya kufa mtu. Basoda walikuwa wanatafuta vitu vya aina hiyo, na zaidi ya yote walikuwa wanatafuta phonie, ile redio ya mawasiliano ambayo mashirika na mapadre walitumia kuongea na vijijini. Aliyekutwa na phonie alihesabiwa kuwa anaongea na watu wa msituni. Niliwajua wanaume wawili wa mtaa wetu waliochukuliwa kwa ajili hiyo, na viatu tu ndivyo vilivyorudi.

Sasa, mzungu mmoja wa shirika lile la visima, kabla hajakimbia vita, alikuwa ameacha mchezo ndani ya mashine ile. Kaka ndiye aliyeugundua. Ulikuwa mchezo wa kuwa meya: unapewa uwanja mtupu, mto, na pesa kidogo, halafu ujitafutie. Papa alijua tunacheza na alijifanya hajui, kwa sababu kucheza nje kulikuwa kumeisha. Mama alijua na hakujifanya. Aliweka sheria: dirisha lifungwe, na sauti isiwepo kabisa. "Hata kidogo! Munanisikia? Hata ya mbu." Kulikuwa na vipaza sauti viwili vidogo vyenye kitufe cha kuzungusha, na kaka alikuwa amekizungusha mpaka mwisho na kukibandika plasta.

Umeme ulikuja unavyotaka wenyewe, kwa muda wa saa mbili leo, kesho hakuna. Kwa hiyo kaka alipanga mji wake kwanza kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, ili umeme ukija asipoteze dakika. Na alianza kila mara na maji. Pampu, mabomba, mtambo wa umeme, kituo cha wazima moto, zahanati. Ndipo anaweka nyumba sita, anakunja mikono, anasubiri watu. Mji wake ulikuwa mbaya, jamani! Mistari minyoofu kama makaburi ya wanajeshi. Lakini watu walikuja na hawakuondoka.

Mimi nilianza na bustani. Halafu chemchemi, halafu uwanja wa mpira, halafu barabara inayozunguka ziwa bila kwenda popote, kwa sababu ilikuwa nzuri. Pesa zilikwisha kabla sijaweka hata nyumba moja. Bahati yangu, chini ya mashine mzungu alikuwa amebandika karatasi yenye neno moja la siri. Ukiliandika, pesa zilimwagika, na ukirudia zilimwagika tena. Kaka alilichukia lile neno. "Ile ya kwako si muji," aliniambia, "ile ni picha." Nami nikamjibu, "Na ya kwako si muji, ni bureau, ofisi tupu!" Tuligombana hivyo kila siku, na ningetoa chochote leo tugombane tena dakika tano tu. Alinionya pia kuhusu wazima moto. Kwenye mchezo ule nyumba ziliwaka kweli, na pesa za bure hazikuzuia. Mimi nilisema kituo chenyewe kina rangi mbaya, kitaniharibia bustani.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Alfajiri watu wa msituni walikuwa wameshambulia kambi ya basoda juu ya kilima, tulisikia, na asubuhi hakuna aliyetoka. Ilipofika saa tisa mchana palikuwa pamenyamaza kiasi kwamba mama alianza kutwanga sombe uani, na papa akakaa karibu naye kurekebisha mpini wa jembe. Kaka alichukua bidon akashuka, maana maji hayangojei amani. Hajafika mbali, taa ya chumbani ikawaka. Umeme! Na zamu ilikuwa yake. Lakini yeye alikuwa chini kwenye maji, na mimi niko pale na mashine.

Nilifungua mji wangu. Niliandika neno langu, nikapata pesa zangu, nikaongeza bustani nyingine. Katika mchezo ule, ukisogea karibu na bustani, ndege walilia. Nilikuwa nimewasikia mara moja tu, siku ya kwanza, kabla ya sheria ya mama. Nikabandua plasta. Nikazungusha kitufe kidogo, nikawasikia, nikazungusha tena kidogo. Hiyo ndiyo dhambi yangu, rafiki, umeisikia. Nilitaka kusikia ndege.

Uani kinu kilikuwa kinapiga, na kwa sababu ya kinu hakuna aliyesikia ndege, wala hakuna aliyesikia viatu vya mpira vilivyokuwa vinashuka kutoka nyumba za juu. Kaka aliingia na bidon moja mkononi, akaniona, akafungua mdomo anigombeze. Wakati huo huo nyumba yangu iliyo kando ya chemchemi ikashika moto, na mashine ikapiga king'ora. Uuuu-uuuu-uuuu! Kinu kikanyamaza. Kaka aliangusha bidon, akarukia kitufe, akakizima. Ilikuwa labda sekunde nne. Nikasikia mtu anasema nyuma ya dirisha letu, kwa utulivu kabisa, "Hapa."

Walikuwa basoda saba. Wa kwanza alimpiga papa kitako cha bunduki mdomoni kabla papa hajasimama, na nikaona meno yakitoka na damu kama mbegu za papai. Walimfunga mikono kwa nyuma, viwiko vikigusana, wakampigisha magoti topeni. Mama walimsukuma kwenye ukuta. Mmoja alipiga teke kinu, sombe ikamwagika, akaikanyaga huku akiwa anapita. Halafu akaingia komanda. Alikuwa mfupi, kijana mwenye uso wa mzee, anakohoa. Hakupaza sauti hata mara moja siku ile.

"Phonie iko wapi?"

"Haiko phonie, afande," kaka alisema. "Ni mashine ya ofisi. Iko na muchezo ndani. Ile makelele ni ya muchezo."

"Nani alikuwa anacheza?"

Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika plasta kidoleni. Kaka hakuniangalia.

"Ni miye."

Komanda alimpiga kofi, si kwa hasira, kama mtu anayepima kitu. Nje walianza kumpiga papa mateke ya mgongo, na kila teke nilisikia pumzi inamtoka. Komanda akavuta kitanda changu, akaketi. "Nionyeshe huo muchezo. Ukinidanganya, muzee wako ananyamaza leo."

Wewe fikiria. Umeme wa Kadutu, ambao haukuwahi kuaga ukiondoka, na uhai wa papa unategemea kwamba utabaki. Kaka alifuta mikono kwenye shati. Alifunga mji wangu unaowaka, akafungua wake.

"Huu ni muji wangu, afande. Hii ni maji. Hii ni umeme. Hii ni manyumba."

"Na batu bako wapi?"

"Bako mu manyumba. Habaonekane, lakini bako. Angalia hesabu yabo pale chini."

"Na basoda?"

"Hii muji haina basoda."

Askari mmoja alicheka, halafu akaona komanda hacheki, akaacha. "Njo maana iko muzuri hivi," komanda akasema, akakohoa, na hapo ndipo wengine walipocheka. Alitaka kujaribu mwenyewe. Kaka alimwonyesha jinsi ya kushika panya wa kompyuta, akiweka mkono wake juu ya ule mkono ambao muda mfupi uliopita ulimpiga. Komanda aliweka nyumba kumi mbali, kule juu ya kilima. Hakuna aliyekuja.

"Juu ya nini habakuje?"

"Maji haiko kule, afande. Mutu hawezi kuishi fasi haina maji."

"Uweke, basi."

Kaka akavuta mabomba. Watu wakaja. Jamani, yule mtu alipiga paja lake kama mtoto! Akaongeza kodi mara tatu, watu wakaanza kuhama, akatukana. Akagundua tingatinga, akabomoa shule na mtaa mzima ili tu aone vumbi. Kaka alikuwa anarekebisha nyuma yake, upole upole, anaeleza. Muda wote huo papa alikuwa amepiga magoti, na mvua ilikuwa imeanza. Kupitia mlango nilimwona ameinamisha kichwa, damu na maji vinamtoka kidevuni, na buti la askari juu ya kamba.

Halafu umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi.

Komanda alitoa bastola akampiga nayo kaka juu ya sikio. "Umezima nini? Umetuma nini?" Kaka alikuwa sakafuni anasema, "Umeme, afande, ni umeme imeenda." Mama alipiga kelele kwamba aangalie nje, aangalie nyumba zote. Walimtuma mmoja akatazame. Hatua zake zilikwenda, zikarudi. Kilima chote kilikuwa kimezimika. Komanda akarudisha bastola yake, akawaza kidogo, akasema neno lililotumaliza: "Mashine inakwenda na sisi. Na huyu anakwenda nayo. Mimi sijui kuitumikisha."

Mama alipiga magoti akamshika miguu. Alimwambia amchukue yeye, achukue nyumba, achukue mbuzi wa jirani, alisema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Walimkanyaga mkono. Ilibidi kaka abebe kile kioo kizito kichwani, na askari akawa anapiga kelele kwamba wanachelewa, kwa hiyo mama akaokota kitenge chake, akakikunja ngata, akamwekea mwanawe kichwani kwa mkono uliovunjika vidole viwili. Walipanda naye kwenda kambini. Kwenye utelezi ule hakuteleza hata mara moja. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na mdomo na sikuutumia.

Papa alipoweza kusimama tena alienda kambini, akaambiwa hakuna mtoto wa namna hiyo. Alienda kwenye makontena ambamo walifungia watu, akaita jina nje ya kila kontena mpaka wakamfukuza kwa risasi. Mikono yake haikupona sawasawa, hakuandika tena vizuri. Mama alianza kuchota maji mwenyewe, bidon mbili, na kila jioni aliipakua sahani ya kaka, akaifunika, kisha asubuhi akanipa mimi. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nilingoja niulizwe, kila siku nilingoja, na wao wakaniuliza tu kama nimeshiba.

Mwaka ukapita. Siku moja akaja mama mmoja mchuuzi wa chumvi na sabuni, anayefanya safari za Kamituga, kule kwenye dhahabu. Alikaa jikoni kwetu, akavua viatu, miguu imepasuka. Alisema kule kuna komanda mwenye nyumba na jenereta, na anaye kijana anayeitwa mutoto wa mashine.

Mama alikaa chini pale pale.

"Iko muzima," yule mchuuzi alisema. "Anakula. Juu yule komanda anaogopa kumupoteza. Kila siku muji wa komanda unakuwa karibu kuvunjika, mara maji imekosa, mara batu bamekasirika na kodi, na kila siku mutoto wenu njo anautoa mu shida. Kuna mutu moja alimuambia komanda kwamba hizi mashine ziko na neno fulani, ukiandika unapata pesa bila kuisha. Komanda akamuuliza mutoto. Mutoto akaapa kwamba neno haiko."

Papa alitikisa kichwa, hakuelewa. Mimi nilielewa nusu. Nilidhani ni ule ukaidi wake, kwamba hata mbele ya bunduki hataki kucheza kwa hila. Ilinichukua miaka kujua kaka yangu alikuwa na akili kiasi gani. Angempa yule mtu neno langu, komanda angejenga peke yake mpaka achoke, na mtoto wa mashine angekuwa wa kazi gani? Mji usio na shida hauhitaji mtu. Kwa hiyo alimpa shida, kidogo kidogo, za kutosha siku moja, halafu akazitatua, halafu akampa nyingine. Aliishi kwa mtindo huo miezi kumi na minne. Mtoto wa miaka kumi na tano!

Papa alijiandaa kwenda. Tuliuza kitanda, tuliuza bati la jikoni, ili awe na kitu cha kumpa komanda. Alikuwa bado njiani wakati watu wa msituni walipovamia Kamituga. Komanda alikimbia kwa pikipiki, akaacha jenereta, akaacha mashine, akaacha na mutoto wake. Kule juu kuna baridi asubuhi, na kaka alikuwa amevaa koti la jeshi alilopewa. Waliomkuta hawakuuliza. Walimkata kwa panga mlangoni, wakamwita soda, yaani askari. Mpishi wa nyumba ile ndiye aliyemzika, nyuma, kwenye migomba, na ndiye aliyempeleka papa pale. Papa alirudi, akalala siku mbili, akaamka akasema, "Nimefika fasi alilala." Hakuwahi kuongeza.

Leo ukienda Kadutu hutaikuta nyumba yetu. Udongo uliporomoka msimu mmoja wa mvua, ukachukua safu nzima, na sasa pamejengwa matofali na vibanda vya kuchaji simu. Yule fundi alikufa bila kushona tena. Lile bomba la chini limekauka. Vinu vimepungua, watu wananunua sombe iliyosagwa na mashine, na haina ladha, waseme watakavyosema. Katika vijana wa sasa hakuna ninayemjua anayeweza kupanda mteremko ule na bidon mbili bila kumwaga. Kicheko cha kaka sikikumbuki tena. Nakumbuka alivyokuwa ananikosoa tu, na hata sauti hiyo wakati mwingine naihisi kama nimeitunga.

Baada ya ile siku ya tableti sikulala vizuri. Jumapili, tumetoka misa, binti yangu amekwenda kwa jirani, nilimkuta mama jikoni anachambua mboga za lenga-lenga. Ana miaka mingi sasa, na vile vidole viwili havikunjiki. Nikasimama nyuma yake ili asinione uso.

"Maman," nikasema, "siku ile, haikuwa kaka alikuwa anacheza. Ni mimi. Ni mimi nilifungua sauti."

Hakuacha kuchambua.

"Ninajua."

"Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu siku ile ile. Wakati nilikuwa namuwekea kitenge ku kichwa, alinisemea polepole: Maman, mudogo usimuulize kitu. Hata siku moja." Alitoa bua, akaweka majani kwenye sufuria. "Ile njo kitu ya mwisho mutoto wangu aliniomba. Njo maana sikukuulizaka."